Namna ya Kusoma Wasifu wa Viongozi wa Kampuni ya Ushauri wa Usafiri wa Anga

Kabla hujafungua wasifu wa kiongozi yeyote wa kampuni ya ushauri elekezi wa usafiri wa anga, andika kwa sentensi moja kazi unayotaka ifanywe. Kuomba cheti cha uendeshaji wa ndege, ambacho wenye kazi hiyo hukiita AOC, si sawa na kujiandaa kwa IOSA, yaani ukaguzi wa usalama wa uendeshaji unaosimamiwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, wala hakufanani na kupanga kiwanja kipya cha ndege. Viwanja vina Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, uendeshaji wa ndege una cha 6 na usimamizi wa usalama una cha 19. Aliyebobea katika kimoja anaweza kuwa mgeni katika kingine.

Tuchukue mwenye ndege mbili za Cessna Caravan anayeomba AOC nchini Tanzania au Kenya. Ombi lake litapita hatua tano: mazungumzo ya awali, ombi rasmi, mapitio ya nyaraka, ukaguzi pamoja na maonyesho ya utendaji, kisha utoaji wa cheti. Kwa maoni yangu hatua ya tatu ndiyo kipimo cha mshauri, kwa kuwa hapo mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga huulinganisha mwongozo wa uendeshaji na kanuni. Basi usome wasifu ukiwa na hatua hiyo akilini. Maneno “Kapteni, saa 12,000” yanastahili heshima, maana leseni ya ATPL, iliyo ya juu kabisa kwa rubani, huanzia saa 1,500. Lakini yanakueleza kwamba mtu huyo ameruka sana, hayakuelezi kama amewahi kuandika mwongozo na kuutetea mbele ya mkaguzi. Tafuta vyeo alivyoshika akiwa ardhini: mkuu wa uendeshaji, mkuu wa matengenezo, mkuu wa mafunzo, msimamizi wa usalama.

Niliwahi kukabidhiwa mwongozo ulioandaliwa na washauri ambao karibu wote walikuwa marubani wastaafu. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa bado na jina la kampuni nyingine. Sura ya kuondoa barafu kwenye mabawa ilikuwa ndefu na nzuri, ilhali kuhusu viwanja vya udongo vya hifadhini, ambako ndege zetu zingetua kila siku, hapakuwa na hata aya moja. Tuliuandika upya, na msimu wa watalii ukatupita.

Aliyewahi kuwa mkaguzi wa mamlaka ni hazina, ila muulize alikagua nini, kwa sababu mkaguzi wa matengenezo na mkaguzi wa uendeshaji hawasomi nyaraka zilezile. Muulize pia aliondoka lini, na kama ombi lako litapita mikononi mwa watu aliokuwa akiwasimamia. Likipita, jambo hilo liwekwe wazi kwa maandishi mapema. Uzoefu wa nchi jirani una uzito, kwa kuwa kanuni za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huoanishwa kupitia CASSOA, wakala wa jumuiya hiyo wa usalama wa anga wenye makao yake Entebbe. Aliyefanya kazi chini ya FAA pekee, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, anaweza kuwa hodari, lakini atahitaji mwenzake anayezijua kanuni za hapa.

Kisha hakikisha. Leseni za marubani na mafundi zilizotolewa na FAA hutafutwa kwenye orodha iliyo wazi kwa umma. Kwa leseni za huku, omba nakala na ridhaa ya mwenyewe ya kuiandikia mamlaka iliyoitoa. Zungumza na wateja wawili waliokwisha kupata cheti, na uwaulize ni nani hasa aliyekaa nao mezani. Mara nyingi majina makubwa huonekana kwenye zabuni tu, na kazi ikafanywa na vijana ambao wasifu wao hukuuona. Kwa hiyo mkataba utaje kwa jina kiongozi atakayeandika kila mwongozo, idadi ya siku atakazokuwa nawe, na sharti kwamba habadilishwi bila idhini yako ya maandishi.