Punda aliyezoea kipigo: namna ya kumrudisha kwenye hatamu

Jirani yangu hapa Njoro alinunua punda dume wa kubeba maji. Siku ya kwanza tu alipigwa teke la paja. "Kaka, huyu namuuza," akaniambia. Nikamwomba anipe wiki sita.

1. Anza na daktari wa mifugo. Jino lenye makali, ukwato uliorefuka au kidonda chini ya mkanda humfanya hata punda mpole arushe mateke.

2. Usimtenge na mwenzake. Punda akitengwa anaweza kuacha kula, na akikaa siku chache bila kula mafuta hujaa kwenye damu hadi kumuua. Waachie wote wawili mabua ya ngano watafune kutwa.

3. Mguse. Hapa ndipo punda wangu wa kwanza alinilia wiki tatu nzima. Nilikuwa namwendea usoni, kamba mkononi. Kumbe mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia punda haoni. Mwendee ubavuni, ukielekea begani, ukiongea. Kamba iache nyumbani.

Mkune begani sekunde mbili, kisha ondoa mkono na urudi hatua moja. Mkono uondoke kabla yeye hajaondoka. Mimi nilikuwa naung'ang'aniza mpaka aruke, ndipo nauondoa. Nikawa nimemfundisha kuruka.

Halafu kuna mtego ulioninasa zaidi. Farasi akiogopa hukimbia, punda huganda. Wangu alisimama kama gogo, nikajua amekubali, nikapandisha mkono hadi shingoni. Nilichechemea siku nne. Watu husema shukrani ya punda ni mateke, lakini yule alikuwa ameshanionya: ngozi ya bega ilitetemeka, pua ikakaza, sikio likalala nyuma. Sikutazama. Subiri ashushe kichwa, apepese macho, atafune. Akifanya hivyo mara moja, inatosha kwa leo. Nenda kanywe chai.

Kesho pandisha mkono upana wa vidole viwili. Masikio yawe ya mwisho kabisa, maana waendesha mikokoteni wengi humdhibiti punda kwa kumpinda sikio. Pitisha mgongo wa kiganja tu, vidole visifumbate. Akitikisa kichwa, rudi begani, na usione haya kurudi hata mara kumi.

4. Hatamu iwe ya kamba ya pamba. Nailoni hukata pua. Sitaki kuiona karibu na mnyama yeyote.

5. Mkokoteni: kwanza uvute wewe, tupu, yeye akisikia magurudumu. Kisha avute tupu. Mitungi kumi ya lita 20 ni kilo 200 za maji, kwa hivyo anza na mmoja.

Huyu wa jirani yuko wiki ya tano. Sikio la kulia anaachia, la kushoto bado, basi tumemshonea hatamu inayofungukia shingoni, isiyopita juu ya masikio.