Kamera ya picha za chakula na vinywaji: pima meza kwanza, dukani baadaye

Kabla ya kuuliza bei ya kamera yoyote, chukua futi kamba upime vitu vitatu: chombo kikubwa kuliko vyote utakavyopiga picha, meza kitakapowekwa, na nafasi inayobaki kati ya meza na ukuta. Vipimo hivyo ndivyo vinavyochagua lenzi, na lenzi ndiyo inayochagua kamera. Wengi huanza na kamera. Wanainunua kwa sifa zake, kisha wanakuta mgahawa una mita moja na nusu tu ya kusimama, na sinia la biriani haliingii lote kwenye picha hata mgongo ukigusa ukuta.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Gawanya upana wa eneo unalotaka lionekane kwa upande wa kihisi (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kutengeneza picha), zidisha kwa milimita za lenzi (namba iliyoandikwa mbele yake, kama 35 au 50), kisha ongeza namba hiyo ya lenzi mara moja. Jibu ni umbali kutoka chakula hadi lenzi. Vyombo vyetu vingi ni vya duara, kwa hiyo tumia upande mfupi wa kihisi, vinginevyo sinia litakatwa juu na chini. Kwenye Canon za kihisi cha APS-C, yaani kihisi kidogo, ambazo ndizo nyingi za bei ya kuanzia, upande mfupi ni mm 14.9 na mrefu mm 22.3. Nikon, Sony na Fujifilm za daraja hilo ni kubwa kidogo, karibu mm 15.6 kwa 23.5. Kihisi kikubwa, yaani fulufremu, ni mm 24 kwa 36.

Tuseme sinia la pilau lina kipenyo cha sm 45, na unataka lionekane na ukingo kidogo, jumla sm 50. Kwa Canon ya APS-C: 500 gawanya kwa 14.9 ni 33.6. Lenzi ya 50 itahitaji m 1.73, ya 35 itahitaji m 1.21, na ya 24 itatosheka na sm 83. Sasa jumlisha meza. Meza ya kulia chakula huwa na kimo cha karibu sm 75, kwa hiyo ukipiga kutoka juu kwa lenzi ya 50, kamera itakaa karibu m 2.5 kutoka sakafuni. Hapo utapanda kiti, na kiti pamoja na mkono uliobeba kamera juu ya mchuzi wa moto ni balaa. Dawa si lazima iwe lenzi nyingine. Shusha sinia mkekani, na m 1.73 inakuwa kimo ambacho stendi ndefu inaweza kukifikia.

Glasi ya juisi ni jambo tofauti. Ina kimo cha sm 15, ukiongeza nafasi ya juu na chini inakuwa sm 20. Simamisha kamera wima, tumia upande mrefu wa kihisi, na lenzi ya 50 inakaa nusu mita tu kutoka glasini. Hapo ndipo namba ya pili inapoingia: umbali mfupi kabisa ambao lenzi inaweza kushika fokasi (kukifanya kitu kionekane kikali), unaopimwa kutoka kwenye kihisi chenyewe. Canon EF 50mm f/1.8 STM inafika sm 35, ilhali ndugu yake mkubwa wa zamani, f/1.8 II, inaishia sm 45. Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G (DX ni jina la Nikon kwa APS-C) inafika sm 30. Lenzi isiyofika karibu itakupa glasi ndogo katikati ya meza kubwa, na ukisogea mbele kamera inahangaika kutafuta fokasi bila kuipata. Watu hudhani imeharibika.

Kwa hiyo lenzi ya kwanza kwa mwenye APS-C ni 35 au 50 isiyo na zumu, yenye f/1.8 (namba ya f ni uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa na mwanga unaoingia ni mwingi). Ni nyepesi, ni ya bei nafuu kuliko zote za aina yake, na ni kali. Chumba kikiwa kidogo, 35. Kama una nafasi na kazi yako kubwa ni vinywaji, keki na sahani moja moja, 50. Zumu ya 18-55 inayokuja na kamera usiitupe: inafika karibu kama sm 25 na inatosha kujifunzia. Ila kwenye mm 18 sahani iliyo karibu huvutika ukingoni ikawa kama yai.

Hiyo f/1.8 nayo ina mtego. Kwa lenzi ya 50 kutoka nusu mita, sehemu iliyo kali kwenye f/1.8 ina unene wa karibu mm 6. Ukingo wa mbele wa glasi unaonekana, jani la mnanaa lililo nyuma yake limeyeyuka, na mwenye mgahawa atakuuliza kwa nini picha ina ukungu. Kwenye f/8 unene huo unakaribia sm 3. Kwa chakula fanya kazi kati ya f/4 na f/8, kwa vinywaji f/8 hadi f/11. Ukipita f/16 picha nzima huanza kulegea ukali. Namba ndogo iachie siku unayotaka kuonyesha kitu kimoja tu, mfano ufuta juu ya mkate wa ufuta.

Lenzi za makro, yaani za kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, zinasifiwa sana, na kwa haki, lakini zipime kwa hesabu ileile. Nikon 40mm Micro ya DX inashika fokasi sm 16.3 kutoka kwenye kihisi, maana yake mdomo wa lenzi unakaa sentimita chache tu kutoka kwenye chakula na kujiwekea kivuli wenyewe. Makro ya 100, kama ile ya Canon, inaacha nafasi ya mwanga kupita. Lakini sahani ya sm 27 yenye ukingo kidogo itakudai zaidi ya mita mbili kwenye APS-C. Kwenye banda la mama lishe hazipo. Nunua makro ukishapata kazi ya matone kwenye chupa au punje za iliki, usinunue kabla.

Kamera yenyewe haina mengi. Ukurasa wa A4 unaochapishwa kwa ubora wa vitone 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, ambazo ni megapikseli 8.7. Kamera ya miaka kumi iliyopita yenye 18 inazidi hapo mara mbili, kwa hiyo usilipie 45 kwa ajili ya menyu. Kinacholipiwa ni vitu vitatu: faili la RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaichakata), mpangilio wa mwongozo kamili (kupanga kila kitu kwa mkono wako), na kioo cha nyuma kinachofunguka na kugeuka. Hicho cha mwisho kinapuuzwa mno. Kamera ikiwa juu ya sinia inatazama chini, kioo kisichogeuka hukioni. Canon 700D na Nikon D5600 zinacho, Nikon D3500 haina.

Angalia pia ndoa ya lenzi na kamera. Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi ya AF 50mm f/1.8D, ambayo wauzaji hupenda kuisukuma kwa kuwa ni ya bei ndogo, itakulazimu kuzungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Lenzi ya EF-S ya Canon, iliyotengenezwa kwa APS-C, haiingii kwenye Canon za fulufremu zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), ila EF inaingia kote, na zote mbili zinakaa kwenye mfumo mpya wa R, usio na kioo hicho, kwa adapta.

Sasa mwanga, ambao ungestahili nusu ya bajeti na kwa kawaida hupata chenji. Mwanga wa kwanza ni wa bure: dirisha. Weka meza ubavuni mwa dirisha, si mbele yake, ili mwanga utoke pembeni au nyuma kidogo ya chakula. Pilau ni chakula cha kahawia. Mwanga wa mbele unaifanya tope, wa pembeni unaonyesha kila punje. Jua kali likiingia, tundika shuka jeupe. Upande wa pili simamisha ubao wa stairofomu, ule wa kwenye makasha ya televisheni, kurudisha mwanga kwenye kivuli. Zima taa zote za dari. Dirisha na taa ya tyubu zikichanganyika, wali unakuwa na rangi mbili na hakuna programu itakayokusafishia kwa urahisi. Na usivae fulana nyekundu. Utajiona kwenye kijiko.

Migahawa mingi inataka picha za usiku, au jiko halina dirisha. Hapo una njia mbili. Taa ya LED inayowaka muda wote inakuonyesha matokeo kabla hujapiga, na inafaa kwa video. Nunua yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia) 95 kwenda juu, na kama karatasi ya maelezo inataja R9, namba hiyo iwe juu pia, kwa sababu ndiyo inayohusu wekundu wa nyanya, nyama na mchuzi. Taa za bei ya chini hugeuza mishikaki kuwa ya kijivu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa duni hupepesa mara 100 kwa sekunde. Picha ikitoka na mistari ya giza, shusha kasi ya shata (kilango kinachopitisha mwanga hadi kwenye kihisi) hadi 1/100 au 1/50 ya sekunde.

Njia ya pili ni flashi, na kwa picha za kawaida, si video, ndiyo bora kwa pesa ileile. Godox TT600 ni ya mwongozo tu, inatumia betri nne za AA, na ukiishusha hadi 1/128 inamulika kwa takriban 1/20000 ya sekunde. Kasi hiyo ndiyo inayogandisha juisi inapomiminwa, shata haihusiki. Weka flashi nje ya kamera, ndani ya softiboksi (kasha la kitambaa linalolainisha mwanga) ya sm 60 kwa 60 au kubwa zaidi, karibu sm 60 kutoka kwenye sahani. Flashi juu ya kamera inayotazama chakula moja kwa moja inatoa picha za kituo cha polisi. Shata isizidi 1/200, vinginevyo utepe mweusi utafunika sehemu ya picha. Tahadhari moja: Canon 2000D, 4000D na 250D hazina pini ya katikati pale flashi inapokaa, kwa hiyo triga (kifaa kinachoiamuru flashi iwake) ya kawaida ya pini moja haitafanya kazi. Chukua triga ya mfumo wa Canon, na uijaribu dukani kwenye kamera yako hasa.

Kwa vinywaji, mwanga utoke nyuma. Juisi ya ukwaju au ya embe ikimulikwa kutoka mbele ni rangi ya ukuta. Ikimulikwa kutoka nyuma inawaka. Kata kadi nyeupe iwe ndogo kidogo kuliko glasi, ifiche nyuma yake ikiwa imeinama, irudishe mwanga kupitia kinywaji. Kadi mbili nyeusi ubavuni zinachora ukingo wa glasi. Jasho la ubaridi ni gliserini ya duka la dawa, nusu kwa nusu na maji, kwenye chupa ya kupulizia: inakaa kwa saa nyingi, ilhali maji matupu yanatiririka kwa dakika chache. Pulizia nje tu, na glasi hiyo asinywe mtu. Mvuke wa kahawa unahitaji mwanga wa nyuma na mandhari nyeusi. Mbele ya ukuta mweupe hauonekani kabisa.

Filta ya polaraiza inapunguza mng'ao kwenye sahani na kwenye juu ya mchuzi, na inakula mwanga wa hatua moja na nusu hadi mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu). Haifanyi lolote kwenye mng'ao wa sufuria au sinia la chuma kitupu. Na ukiizungusha hadi mwisho, samaki wa kupaka anaonekana amekauka. Acha mng'ao kidogo.

Stendi: ile nyepesi ya plastiki usiitazame. Chukua inayobeba kilo 5 na yenye nguzo ya katikati inayolala mlalo. Mguu mmoja uelekee upande wa kamera, na upande wa pili ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo mbili au tatu. Bila uzito huo, kamera itaingia kwenye biriani.

Kwa simu, kanuni ni hizohizo. Tumia lenzi ya 2x kama ipo, rudi nyuma, bonyeza na ushikilie kwenye chakula ili kufunga fokasi na mwangaza. Simu nzuri kando ya dirisha inashinda kamera chini ya tyubu.

Vifaa vya mitumba, iwe Kariakoo, Dar, au Luthuli Avenue, Nairobi, vikague hivi. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa joto na unyevu wa pwani itaendelea kukua. Uliza idadi ya shata, yaani kamera imeshapiga picha mara ngapi. Kamera za kuanzia hukadiriwa kwa takriban 100,000. Nikon huiandika ndani ya kila picha, Canon nyingi haziandiki. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, kwa hiyo fungua menyu kabla ya kutoa pesa. Piga karatasi nyeupe kwenye f/16 utazame madoa ya vumbi.

Ukiwa Dar, Unguja au Mombasa, weka lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika na kipimo kidogo cha unyevu, kisomeke kati ya asilimia 40 na 50. Mchele hausaidii, vumbi la wanga wake linaingia kwenye pete ya fokasi. Na baada ya kupiga picha jikoni, futa lenzi jioni ileile, kwa sababu mafuta ya kukaangia yakishakauka juu ya kioo hayatoki kwa kitambaa kikavu.