Kuchagua bunduki ya risasi ndogo ya kuua wanyama waharibifu nyumbani: anzia pale risasi itakapoishia

Wanaonijia kwa ushauri huuliza kwanza bunduki ipi ina nguvu. Mimi huwaambia warudi nyumbani wakazunguke uwanja wao kwanza, kwa sababu uwanja ndio unaochagua bunduki.

Hatua ya 1: Zunguka boma

Toka jioni, saa ambazo panya, buku na sungura huanza kutembea. Pita banda la kuku, ghala, zizi na bustani. Kila mahali unapodhani utampiga mnyama, simama ujiulize: nikimkosa, au risasi ikimpita, itaishia wapi? Tuta la udongo laini ni zuri. Ukuta wa mawe, bati, karo la maji, au kichaka ambacho hujui nyuma yake kuna nini, hapo hapapigwi. Risasi ya .22 LR, ile ndogo ya baruti inayotumika sana mashambani, ina uzito wa gramu 2.6 tu, lakini ikiachiwa hewani inaweza kufika zaidi ya kilomita moja. Kwa hiyo kunguru aliye juu ya mti au juu ya paa hapigwi kwa bunduki ya baruti, maana nyuma yake ni anga tupu.

Hesabu pia hatua kutoka utakaposimama hadi mnyama atakapokuwa, uandike. Kwenye maboma mengi niliyoyapima, umbali haukuzidi mita 40.

Hatua ya 2: Sheria

Jua leseni inayohitajika, wanyama wanaolindwa (bundi na ndege wengi wawindaji wamo katika nchi nyingi), na kama unaruhusiwa kupiga risasi karibu na nyumba au barabara. Kama hairuhusiwi, ishia hapa: ziba matundu ya ghala na utege mitego. Kwa panya wa ndani ya nyumba ningekushauri hivyo hivyo hata kama leseni unayo.

Hatua ya 3: Chagua kaliba (upana wa mtutu na risasi yake)

Hapa ndipo pa kutulia, usikimbilie.

Bunduki ya upepo ya milimita 4.5 au 5.5 inatosha kabisa kwa panya na ndege ndani ya mita 25 au 30, mradi ulenge kichwa. Yenye nguvu ya jouli 16 hivi (jouli ni kipimo cha nguvu ya risasi) haifanyi kelele ya kushtua kuku, na ukikosa madhara ni madogo kuliko ya baruti. Madogo, lakini yapo. Jicho la mtu likipigwa, hata risasi ya upepo huliharibu. Kama umbali wako wote ni mfupi na majirani wako karibu, nunua hii.

.22 LR imekuwapo tangu 1887 na bado ndiyo bunduki ya shamba kwa watu wengi: risasi zake ni nafuu, haikurudishi nyuma, na nguvu yake ni karibu mara kumi ya ile ya upepo. Inamwangusha sungura hadi mita 50 hata 70 mikononi mwa mtu aliyefanya mazoezi. Ziko risasi zake za polepole, zisizofikia mwendo wa sauti ambao ni kama mita 340 kwa sekunde. Hizo hazitoi ule mlio mkali wa hewa kupasuka, na mimi huzipenda karibu na mifugo. Ubaya wa .22 LR ni kudunda. Niliwahi kumpiga buku aliyekuwa kando ya jiwe, nikamkosa kwa upana wa kidole. Risasi iligonga jiwe, nikasikia mlio mwembamba ukinipita kushoto, kisha “paa!” kwenye bati la banda lililokuwa pembeni kabisa, mahali ambapo bunduki yangu haikuelekea hata kidogo. Hakukuwa na mtu. Nilitetemeka mikono hadi usiku.

.17 HMR, risasi ya baruti nyembamba kuliko .22 iliyotoka 2002, ina kirisasi chepesi cha gramu 1.1 kinachokwenda zaidi ya mita 750 kwa sekunde. Kwa sababu ya mwendo huo hupasuka kikigonga ardhi, hivyo hudunda kidogo kuliko .22, na hufika mita 100 bila kushuka sana. Lakini ina mlio mkali, upepo huipeperusha, na risasi zake ni ghali. Hii ni ya mwenye eneo kubwa lililo wazi. Ndivyo ilivyo pia .22 WMR, ndugu mkubwa wa .22 LR mwenye nguvu zaidi, ambayo kwenye ua mdogo naiona imezidi.

Hatua ya 4: Ishike mkononi

Chagua ya bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu) ya kuvuta kwa mkono. Zinazojikoki zenyewe mara nyingi hukwama na risasi za polepole, na bolti ikiwa wazi kila mtu anaona chemba, yaani pale risasi inapokaa, ni tupu. Weka kitako kwenye kunjo la kiwiko: kidole kifikie kifyatulio bila kujinyoosha. Kwa iliyotumika, kagua mdomo wa mtutu kwa tochi. Kovu dogo pale huharibu shabaha kuliko kutu ya nje. Usiifyatue tupu ovyo, maana kwenye .22 za zamani pini inaweza kugonga na kubonyeza ukingo wa chemba. Ukitaka kuifyatua tupu kwa mazoezi, weka ndani ganda lililokwisha kutumika.

Hatua ya 5: Darubini

Inayokuza mara 4 inatosha. Kumbuka tu kwamba inakaa kama sentimita 4 juu ya mtutu. Ukiiweka sawa kwa mita 50, yaani risasi iangukie kwenye alama ya darubini kwa umbali huo, panya aliye mita 5 atapigwa karibu sentimita 3 chini ya alama, na kichwa chake hakifiki upana huo. Vilevile, ukichungulia juu ya ubao au gunia, darubini inaona panya vizuri huku mtutu ukitazama ubao. Nimetoboa kingo mbili za ghala langu kabla sijaelewa.

Hatua ya 6: Jaribu risasi, andika kadi

Nunua aina tatu au nne, pakiti moja moja. Piga tano tano kwenye karatasi ukiwa umeegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Kila mtutu una risasi inayoupenda, na si lazima iwe ya bei ya juu. Ukiipata, weka darubini sawa kwa mita 50, kisha piga kwa mita 5, 10, 25 na 70 uone inaangukia wapi. Andika vipimo hivyo kwenye kadi, uibandike kwenye kitako.

Mnyama uliyempiga kwa risasi ya madini ya risasi mfukie chini sana. Mbwa au bundi akimla, sumu ile humwingia yeye.