Jinsi ya kupamba ukuta wa masika na watoto wa dei kea, hatua kwa hatua

Walimu wenzangu na wadada wa dei kea, masika yameanza na najua wengi mnatafuta picha za kupamba ukuta, halafu mnachokuta mtandaoni ni maua ya nchi za baridi na vifaranga vya njano. Watoto wetu wa Dar na Pwani hawavioni hivyo mwezi wa Machi. Wao wanaona wingu jeusi, dimbwi mlangoni, chura anayelia usiku kucha, jongoo ukutani na kumbikumbi wamejaa kwenye taa, na hivyo ndo vitu nataka tuviweke ukutani. Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 2 hadi 5, na kazi inafanywa na mtoto mwenyewe, mwalimu unakata tu kile asichoweza kukata na unashika pale panapoteleza.

Vitu vya kukusanya mapema: manila nyeupe, krayoni, vipande vya mishumaa, rangi za chakula ya bluu, nyeusi, nyekundu na ya njano, vipande vya vitenge (nenda kwa fundi cherehani yeyote, anavitupa kila siku), sponji chakavu ya godoro, trei za mayai za karatasi zilizo safi, gunia la katani na zile bebeo zilizokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019, ile mifuko mbadala ya rangi rangi. Hiyo mifuko usiitupe hata ikichanika mpini, kwa masika ni dhahabu maana ukiikata haitoi nyuzi na hainywi unyevunyevu kama karatasi.

Hatua ya kwanza ni kutoka nje. Mvua ikikatika watoe watoto, waangalie dimbwi, waguse majani, waulize mvua ilikuwa inaangukaje, na usiwajibie. Kuna atakayesema ta ta ta kwenye bati, kuna atakayeonyesha kwa vidole, sasa hizo ndo picha zako, yaani mtoto akiingia ndani akiwa bado na kitu kichwani hata mstari wake kwenye karatasi unakuwa na nguvu. Ukianza na karatasi mezani unapata kazi 20 zinazofanana, zote za mwalimu.

Hatua ya pili, mvua. Hapa tulieni kidogo maana ndo kazi inayowafaa wote, hata wa miaka miwili. Mpe mtoto karatasi nyeupe na krayoni nyeupe, au kipande kinene cha mshumaa kwa yule anayeshika kwa ngumi, mwambie achore mvua ya pale nje. Ataona hakuna kinachotokea kwenye karatasi, na wengine watalalamika, mwambie aendelee na akandamize kwa nguvu, kisha changanya rangi ya chakula ya bluu na maji mengi, weka tone moja la nyeusi ipate ule ubluu wa wingu la masika, mpe brashi au kipande cha sponji apake juu ya karatasi yote. Nta inakataa maji, kwa hiyo kila alipochora panabaki peupe na mvua inatokea yenyewe. Nimeona watoto wakipiga kelele hapo, na anayejua siri anataka kurudia, mpe karatasi nyingine. Rangi isiwe nzito, ikizidi inafunika mistari yote, jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Wavalishe fulana kuukuu maana rangi ya chakula haitoki kwenye nguo kirahisi, na kaa nao karibu sababu wadogo wanaweza kung'ata mshumaa.

Mawingu gonga kwa sponji ya godoro, kata kipande kinachoenea mkononi mwa mtoto, chovya, gonga kwenye manila, basi. Pamba siipendi kwa mawingu, inashika vumbi na msimu huu inanyonya unyevu mpaka inanuka.

Hatua ya tatu, kumbikumbi, na kwa kweli hiki ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote. Mwalimu kata duara kubwa la njano kutoka kwenye mfuko mbadala, hiyo ni taa. Mtoto anachovya kidole gumba kwenye rangi ya kahawia (changanya nyekundu, njano na nyeusi kidogo, na koroga ndani ya gundi nyeupe ya shule ili iwe nzito) anagonga kuzunguka taa, kila alama ni mwili wa kumbikumbi mmoja. Ikikauka, wa miaka minne na mitano wanabandika mabawa, na mabawa ni manne, wahesabie, kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana urefu. Kata kutoka mfuko mweupe au karatasi nyembamba. Wa miaka miwili na mitatu waache wachore mabawa kwa krayoni wanavyotaka, akiweka saba aweke saba. Kama kwenu watoto wanawaokota wakaangiwe, waache wasimulie wakati wanabandika, darasa linachangamka sana.

Jongoo ni rahisi, kata ukanda wa manila, ukunje huku na huku, mtoto apake rangi nyeusi au kahawia halafu abandike miguu ya uzi. Jongoo wa kweli kwenye sehemu kubwa ya pingili zake ana jozi mbili za miguu, kwa hiyo wakubwa wanaweza kuhesabu mbili kushoto mbili kulia, na hapo hesabu imeingia bila kuitangaza. Chura anatoka kwenye kikombe kimoja cha trei ya mayai kilichopinduliwa na kupakwa kijani, macho yachorwe. Usitumie vizibo wala maharage kwa wadogo, maana kuna kipimo rahisi: chukua kile kibomba cha ndani cha karatasi ya chooni, kitu chochote kinachopita humo ndani si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu, atakimeza au atakisukuma puani.

Miavuli ya kitenge: nusu duara ya manila, mtoto anapaka gundi na kubandika vipande atakavyo, mpini wa karatasi iliyosokotwa. Urembo bila shida yoyote.

Kuhusu gundi. Gundi ya unga ni nafuu, kikombe 1 cha unga wa ngano na vikombe 3 vya maji, koroga kwenye maji baridi kwanza ndo uweke jikoni, tia kijiko cha chumvi kuchelewesha ukungu, ipike mpaka iwe uji mzito na uipoze kabisa kabla ya kuwapa. Lakini tumia siku hiyo hiyo, na kwa kazi itakayokaa ukutani wiki nyingi masika yote mi nashauri gundi nyeupe, maana gundi ya unga inaita mende na panya.

Hatua ya mwisho ni kutundika na hapa wengi wanalia, selotepu inabanduka usiku mmoja kwa unyevu na ukuta wa chokaa ndo kabisa. Fungua gunia la katani, lifue, likauke, pigilia ukutani kwa batani (vipande vyembamba vya mbao) juu na chini, halafu kazi za watoto zishonee kwa sindano na uzi, mishono miwili inatosha, na haitoboi ukuta kila mwezi. Pini usiweke, zinaanguka sakafuni. Uzi usining'inie mrefu pale mtoto anapofikia, na msifunike swichi wala madirisha.

Kimo ni muhimu sana jamani. Piga magoti, pale macho yako yanapoishia ndo uweke kazi zao, si juu karibu na dari ambako anaona mzazi tu. Mtoto anakuja asubuhi analia, anaonyeshwa kumbikumbi wake, anamgusa, ananyamaza. Na tafadhali usimrekebishie kazi yake, chura mwenye jicho moja abaki na jicho moja, andika jina na tarehe nyuma ili mbele pabaki pake.

Mwisho wa Mei shusheni, kila mtoto aende na yake nyumbani. Taa ya mfuko mbadala na gunia hifadhini kwa mvua za vuli, ila chochote kilichobandikwa kwa gundi ya unga msikiweke stoo.