Bungua wa maharage huanzia shambani, si stoo

Kila mwaka ikifika Agosti na Septemba malalamiko ni yaleyale, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mbozi hadi Kilolo: "Bwana shamba, maharage yametoboka, tuelekeze dawa." Ukiuliza yalivunwaje, unaambiwa yaliachwa shambani mpaka yakakauka kabisa, ili yaking'olewa yapigwe siku hiyohiyo. Hapo ndipo hasara ilipoingilia, na dawa ya Septemba haiwezi kuirudisha.

Bungua anayetusumbua huku kwenye baridi ni mdudu wa milimita 3 hadi 5, wa kijivu kinachoelekea kahawia, mwenye mbawa fupi zisizofunika ncha ya tumbo. Akishakuwa mkubwa anaweza kuishi na kutaga bila kula chochote. Anaruka kutoka kwenye masalia ya maharage ya mwaka jana mpaka shambani, na ganda bichi halimvutii. Anachotafuta ni ganda linaloiva na kukauka. Akilipata anatafuna tundu dogo kwenye mshono wake, au anatumia ufa uliokwishajitokeza, kisha anaingiza ncha ya tumbo na kuacha mafungu ya mayai ndani. Hayagandishi popote, na malezi yake yanaishia hapo.

Mtoto anatoka na miguu, anatambaa hadi kwenye punje na kuitoboa. Tundu lake la kuingilia ni dogo kiasi kwamba kwa macho hulioni. Ndiyo maana unapura, unapepeta, unachagua na kujaza magunia ukiamini mzigo ni safi. Subiri wiki kadhaa, kisha chukua punje moja uigeuze kwenye mwanga. Ukiona duara lililofifia kama dirisha dogo, jua mdudu yuko chini yake, amekula nyama yote akabakiza ngozi tu. Bonyeza kwa kucha, kifuniko kitang'oka. Punje moja inaweza kuwa na madirisha kadhaa, na kila dirisha ni bungua anayekuja kutaga humohumo guniani.

Yupo bungua mwingine, wa maeneo ya joto huko chini, anayegandisha yai juu ya punje yenyewe. Huyo ganda zima humshinda, kwa hiyo shida yake huonekana zaidi baada ya kupura. Ukiona vidoa vyeupe vilivyonata kwenye punje ni yeye. Wa kwetu hana haja ya kungoja upure.

Sasa tuje kwenye siku, maana ndipo watu wanapokosea. Ng'oa pale maganda mengi, tuseme robo tatu ya shamba, yanapobadilika kutoka kijani kuwa ya njano. Usingoje yawe makavu ya kupasuka, na usingoje mpaka umalize mahindi. Najua vibarua wa Juni ni wa kugombania, lakini mahindi yana uvumilivu kidogo, maharage hayana. Kila siku yanayokaa yamekauka kwenye mistari ni siku ya bungua kutaga bure, bila hata kukulipa kodi ya shamba! Ng'oa asubuhi umande ungalipo ili maganda yasipasuke, na uyatoe shambani siku hiyohiyo. Kuyalundika pembeni ya shamba wiki mbili ni kosa lilelile kwa jina lingine.

Nyumbani yatandaze juu ya turubai, mbali na stoo ya zamani, na jioni yafunike. Yakikauka pura mara moja, pepeta, kisha anika punje zenyewe. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 13 au chini yake. Kung'ata kwa meno si kipimo. Chukua chupa kavu, jaza punje theluthi, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda bado usikimbilie kufunga: ongeza siku moja au mbili za jua kali, maana kati ya 15 na 13 kuna ukungu.

Baada ya hapo weka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Jaza, kamua hewa, funga mfuko wa ndani kwanza, halafu wa pili, halafu wa nje. Hewa ikiisha, hata aliye ndani ya punje anakufa. Usifungue kila Jumamosi kuchungulia. Kila ukifungua unamletea pumzi.

Asiye na mifuko hiyo atumie gunia la kawaida au ndoo yenye kifuniko, lakini ajaze nusu tu, na aviringishe mzunguko mmoja asubuhi na mmoja jioni. Bungua mchanga anahitaji takribani saa 24 akijiegemeza kwenye punje ya jirani ndipo apenye. Ukizigeuza punje anapoteza tundu na kuanza upya, mpaka anachoka au anapondwa. Jaribio lililochapishwa 1991 lilionyesha njia hii hupunguza bungua kwa takribani asilimia 97. Anza siku ileile uliyopura. Ukianza baada ya mwezi umeshachelewa. Mifuko ya kinga njaa usiiviringishe, itatoboka.

Dawa ya vumbi iliyosajiliwa kwa nafaka ina nafasi yake, ila haimfikii aliyekwisha kuingia kwenye punje. Na wale mnaochanganya dawa ya kupulizia shambani na maharage ya kula, acheni mara moja. Hayo ni maharage ya watoto wenu.

Ukipima Septemba ukakuta punje hazina dirisha, umefaulu.

Kabla maharage mapya hayajaanza kuwa ya njano, toa ya zamani yote stooni: uza, pika, au yafunge kwenye kinga njaa. Fagia mpaka kwenye nyufa za sakafu, choma takataka, na magunia ya zamani yachovye kwenye maji yanayochemka kabla ya kuyaanika.