SOMO: Geji ya mafuta ya Hilux ya zamani inadanganya? Fuata hatua hizi kabla ya kununua floti

Swali la "geji imekufa, ninunue floti?" limeulizwa humu hadi nimechoka kulijibu moja moja. Mara nyingi floti (kipimo chenye boya ndani ya tanki) ni nzima na pesa inapotea bure. Somo hili ni la Hilux LN106 ya dizeli na ndugu zake wa volti 12. Uwe na multimita, balbu ndogo ya wati 3.4 yenye waya mbili, msasa na brashi ya waya.

1. Fyuzi. Kagua iliyoandikwa GAUGE. Kama geji ya joto na taa za rivasi nazo zimekufa, umeshapata pa kuanzia.

2. Chaji. Injini ikiwa imezimwa betri isome volti 12.4 hadi 12.7, ikinguruma, 13.8 hadi 14.4. Ikipita 15, tengeneza alteneta kwanza.

3. Plagi ya tanki (ya waya za floti). Chomoa, washa swichi: mshale ukae E. Sasa unganisha waya unaopanda kwenye geji na waya wa eathi (njia ya umeme kurudi betri hasi) wa plagi hiyo hiyo, upande wa gari, ukipitisha kwenye balbu. Balbu iwake na mshale usogee kuelekea F. Ndani ya geji kuna mafuta ya silikoni, mshale unatembea taratibu, kwa hiyo subiri. Usiunganishe waya mtupu bila balbu, na tanki liwe limefunikwa. Usiamini rangi za waya; tafuta eathi kwa multimita. Ukigusa waya wa taa ya mafuta kidogo, taa hiyo ndiyo itawaka kwenye dashibodi.

Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima. Usipopanda, rudia ukishika eathi kwenye chesisi iliyopigwa msasa. Ukipanda sasa, mbaya wako ni eathi. Usipopanda tena, fuata waya hadi dashibodi.

4. Eathi. Hapa ndipo wengi wanaharibu, mafundi wakiwemo. Wanapima eathi kwa omu (kipimo cha ukinzani), wanaona sifuri, wanasema nzima. Multimita inapitisha umeme kiduchu sana. Kebo iliyobaki uzi mmoja itasoma sifuri vilevile, ila ukiibebesha mzigo inashindwa. Pima volti mzigo ukiwepo: washa taa kubwa, mtu akanyage breki, pini nyekundu kwenye eathi ya taa za nyuma, nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, si kwenye klempu. Ikizidi 0.2, kuna kutu njiani. Sogeza pini nyeusi kwenye chesisi, kisha kwenye bodi, kisha kwenye injini, uone volti inapotelea wapi.

Balbu mbili za breki za wati 21 zinakula kama ampea 3.5. Eathi ikiwa mbovu na floti inaitumia hiyo hiyo, geji inaona ukinzani umeongezeka, na kwenye Toyota hizi ukinzani mkubwa maana yake tanki tupu. Ndiyo maana ukikanyaga breki mshale unashuka. Safisha hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Usipake rangi kabla ya kukaza.

5. Floti. Ya mwisho, kwa sababu mara nyingi tanki lazima lishuke. Chomoa betri. Pima omu plagi ikiwa nje: karibu 3 ikijaa, karibu 110 ikiwa tupu. Nyanyua mkono taratibu. Namba ikirukaruka, njia yake imelika. Tikisa boya. Likiwa na dizeli ndani litazama, na geji itabaki E daima.

MASWALI

Tairi Kipara: Mkuu, nimebadili floti mara mbili, bado E. Ninunue orijino?
Jibu: Hatua ya 3 umefanya? Leta matokeo kwanza.

Tairi Kipara: Sina multimita.
Jibu: Hatua ya 3 inataka balbu tu, eathi shika kwenye chesisi. Soma tena.

Mkulima wa Mpunga: Shikamoo fundi. Yangu imeganda F hata tanki likikauka.
Jibu: Marahaba. Chomoa plagi ya tanki, swichi ikiwa imewashwa. Mshale ukishuka, tatizo liko kwenye floti. Ukibaki F, waya umechubuka na unagusa chesisi. Anza kwenye vibanio na pale unapopita kona za chuma.

Spana 14: Fyuzi ya GAUGE inaungua nikiweka rivasi tu. Vinahusiana?
Jibu: Swali zuri. Taa za rivasi zinakula kwenye fyuzi hiyo. Kagua waya wa swichi ya rivasi juu ya giaboksi, joto na mtikisiko huutoa ngozi. Ukiwa mzima, kagua soketi za taa zenyewe. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, utachoma waya wote.

Gari la Mchanga: Na Canter ya volti 24?
Jibu: Njia ni ile ile. Balbu iwe ya volti 24, na namba za omu za Toyota usizitumie.

Spana 14: Asante. Nikiwasha indiketa, taa ndogo za nyuma nazo zinapepesa.
Jibu: Eathi ya taa ya upande huo. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapenya kwenye uzi wa pili wa balbu. Vuta waya mpya wa milimita 2.5 za mraba hadi chesisi.

Mkulima wa Mpunga: Betri nayo inalala ikiwa imejaa, asubuhi hoi.
Jibu: Zima kila kitu, pitisha kebo hasi kwenye multimita upande wa ampea, usipige stata. Ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Isiposhuka, vua waya mnene wa alteneta (usiguse bodi, una umeme). Diodi za ndani yake zikivuja ndipo utakapoona. Redio iliyoungwa moja kwa moja betri nayo ikague.