Waipa imelala? Angalia nati kwanza
Mota ya waipa ikinguruma huku mkono mmoja umelala tu, usikimbilie Kisekka, soko la vipuri Kampala, kutafuta mota nyingine. Funua kile kifuniko kidogo cha plastiki kwenye shina la mkono. Chini yake kuna nati. Kwenye Kikumi yangu, yaani Toyota Corolla AE100, ilikuwa imelegea hadi naizungusha kwa vidole. Nilijua hayo baada ya mvua kunikuta barabara ya Masaka, nikaendesha nimetoa kichwa dirishani kama kondakta.

Washa waipa kisha uzime, ili mota irudi yenyewe pale inapopumzikia. Chomoa ufunguo, fungua nati, ng'oa mkono. Meno ya shina yakiwa na unga mweupe wa kutu, yasugue kwa brashi ya waya. Rudisha mkono ukiwa umelala sawa chini ya kioo, ndipo ukaze. Ila usikaze kwa hasira: meno ya mkono ni laini kuliko ya shina, na yakishalika utanunua mkono.

Mikono yote miwili ikigoma na mota inalia, huenda fito zinazoiunganisha na mikono zimechomoka chini ya boneti. Mota kimya kabisa? Anza na fyuzi.

Na waipa inayoruka-ruka na kukwaruza, mpira husingiziwa bure mara nyingi. Ni vumbi la muramu, ule udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami, na moshi wa malori. Futa ukingo wa mpira kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mpaka kisitoke cheusi, na kioo pia.